Mwanao anasomea udaktari? Muulize analalaje

MAMA mmoja wa Chidya, wilayani Masasi, aliniletea kijana wake wa mwaka wa pili wa udaktari aliyekuwa amerudi likizo kutoka Dar es Salaam. (Nimebadilisha mambo machache ili asitambulike.)

"Daktari, naomba umpime moyo. Usiku unamwenda mbio, halali, na chakula anakiangalia tu. Shangazi yake anasema kuna mtu kamwonea kijicho."

Nilimpima. Moyo ulikuwa mzima, damu ya kutosha, tezi ya shingoni iko sawa. Nikamwomba mama atusubiri nje. Hapo ndipo kijana akasema: ana sapu mbili, na hajui atamwambiaje baba yake, ambaye pesa yake ya korosho ya misimu miwili imeishia kwenye ada.

Msomaji wangu, huo ni wasiwasi uliopitiliza, nao ni ugonjwa unaotibika. Mwaka 2019 watafiti walijumlisha tafiti za wanafunzi wa udaktari zaidi ya 40,000 kutoka nchi mbalimbali, wakakuta karibu mmoja kati ya watatu ana dalili zake. Mwili hujiona uko hatarini, ukamwaga homoni za kumtayarisha mtu kukimbia. Moyo unadunda, viganja vinatoka jasho, tumbo linavuruga. Simba hayupo, kuna mtihani tu, lakini mwili hautofautishi.

Masomo yenyewe ni miaka 5, kisha mwaka 1 wa mafunzo kwa vitendo hospitalini. Aliyezoea kuwa wa kwanza shuleni anakaa darasani na wa kwanza wenzake. Anapasua maiti, halafu anaingia wodini na kuona watu wakifa. Mimi niliposoma magonjwa ya moyo niliamini ninayo. Tulipofika kwenye figo, ugonjwa ukahamia huko. Leo nacheka. Wakati ule sikucheka.

Mzazi, ukipiga simu usianze na matokeo, wala usimwambie "usituangushe". Muulize analalaje, anakula nini, ana rafiki gani. Hali ikiendelea kwa wiki kadhaa, au akianza kukwepa darasa au kunywa pombe, aende kwa mshauri wa wanafunzi chuoni au kwa daktari. Wengi hupona kwa mazungumzo na mtaalamu. Wengine huhitaji dawa, ambazo huchukua wiki kadhaa kufanya kazi. Asijinunulie vidonge vya usingizi dukani, vina uraibu. Na akisema amechoka kuishi, usimwache peke yake. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo.

Kwa ruhusa ya kijana, nilimpigia baba yake. Alinyamaza kwa muda, kisha akauliza sapu ni kitu gani. Nikamweleza kwamba ni kurudia mtihani, si kufukuzwa chuo.

"Kumbe kurudia," akasema. "Si arudie tu? Mwambie aje nyumbani ale."