Bima ya Afya Ipimwe kwa Safari ya Rufaa

Kwa mkulima wa Chala, wilayani Nkasi, thamani ya bima haijulikani siku ya homa ya kawaida. Hujulikana ugonjwa unapoishinda zahanati na mgonjwa akaandikiwa rufaa ya Namanyere, kisha Sumbawanga, kisha Mbeya. Kwa hiyo, kiwango cha chini cha mafao, yaani huduma ambazo kampuni ya bima hairuhusiwi kuziacha, kinafaa kupimwa kwa safari hiyo yote, na kianze na maradhi yanayofilisi kaya.

Historia yetu inaonyesha sababu. Mfuko wa Afya ya Jamii (CHF), ulioanza kwa majaribio Igunga mwaka 1996, ulikuwa nafuu, lakini huduma zake ziliishia zaidi kwenye vituo vya ngazi ya chini. CHF iliyoboreshwa ya mwaka 2018 ikaweka shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu 6, na kuruhusu matibabu hadi hospitali ya rufaa ya mkoa. Hiyo ni hatua kubwa. Hata hivyo, aliyepelekwa Mbeya alirudi kulipa kutoka mfukoni mwake. Bima binafsi nazo zina mipaka yake: ukomo wa fedha za kulazwa, muda wa kusubiri kabla ya huduma za uzazi, na masharti kuhusu magonjwa ambayo mtu alikuwa nayo kabla ya kujiunga.

Wapo wanaosema kila fao la lazima hupandisha bei, na mnyonge hubaki nje kabisa. Hoja hii ina uzito. Toto Afya Kadi, bima ya watoto iliyouzwa shilingi 50,400 kwa mtoto, ilielemewa kwa sababu wengi walioandikishwa mmoja mmoja walikuwa tayari wagonjwa. Mwaka 2023 wazazi wakaelekezwa kuandikisha watoto kupitia shule. Lakini fundisho lake ni kwamba mafao mapana yanahitaji wachangiaji wengi, wazima kwa wagonjwa. Kuyapunguza mafao hakuondoi gharama. Kunaihamishia kwa familia inayouza ng'ombe na shamba.

Wengine hudai kila mtu aachwe achague anachotaka. Nani, akiwa mzima, anajua kama atahitaji upasuaji au kusafishwa damu? Afrika Kusini imezilazimisha skimu za matibabu, tangu mwaka 2000, kulipia dharura na orodha ya maradhi takriban 270. Marekani nako, kabla ya mwaka 2014, bima nyingi za mtu binafsi ziliacha uzazi. Sheria ya nchi hiyo ikaufanya uwe fao la lazima.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge mwaka 2023, imetupa msingi wa kitita cha mafao. Mamlaka ya Usimamizi wa Bima iende mbali zaidi: kila mkataba, katika ukurasa wa kwanza na kwa Kiswahili, useme unalipia rufaa hadi hospitali gani. Ikibidi kupunguza gharama, ipunguzwe miwani na chumba cha peke yako kabla ya kugusa upasuaji.