Homa imekwisha, malaria bado inasafiri

Mkazi wa Ziwani, mkoani Mtwara, anaweza kumaliza dawa ya malaria, akapata nguvu na kurudi shambani, huku damu yake ingali na uwezo wa kumwambukiza mbu. Jambo hili ni zito kwa mkoa huo. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta malaria kwa takriban asilimia 20 ya watoto wadogo waliopimwa mkoani. Wastani wa nchi ulikuwa asilimia 8.

Kimelea cha malaria kiitwacho Plasmodium falciparum kina jeni zaidi ya 5,000, na kila jeni ina zamu yake. Zamu hizo hupangwa na protini zinazoshika DNA karibu na jeni husika, mfano wa mtunza ghala la korosho anayejua mlango wa kufungua leo na wa kuacha na kufuli. Mwaka 2005 wanasayansi walitambua ukoo wa protini hizo, ApiAP2, wenye protini zaidi ya 25. Sehemu yake inayoshika DNA inafanana na ya protini za mimea. Binadamu hana ukoo huo.

Mojawapo ya protini hizo ni AP2-G. Vimelea huzaliana katika damu kila baada ya saa 48, na hapo ndipo homa hupanda. Katika vimelea vingi jeni ya AP2-G imefungwa. Kwa vichache hufunguka, nayo protini huwasha jeni za kuunda gametositi, yaani vimelea dume na jike. Gametositi hukomaa kwa siku 10 hadi 12, nyingi zikijificha kwenye uboho, kisha huingia katika damu inayonyonywa na mbu. Mwaka 2014 timu ya Manuel Llinás nchini Marekani na ya Andrew Waters wa Glasgow zilionyesha kuwa AP2-G ikiharibiwa, gametositi hazitokei.

Gametositi hazileti homa. Dawa mseto ya malaria, ALu, huua vimelea vinavyomfanya mtu augue pamoja na gametositi changa, lakini zilizokomaa huweza kubaki kwa siku kadhaa, hata wiki.

Dawa ya kuizuia AP2-G bado haijaingia zahanati. Silaha tuliyo nayo ni kuwahi: homa ipimwe siku hiyohiyo, kabla gametositi hazijakomaa, na dozi imalizwe. Aliyepona naye aendelee kulala ndani ya chandarua, kwani mbu akimkosa yeye, hana cha kumpelekea mtoto wa jirani.