Jinsi Mji wa Lubumbashi Ulivyojengwa

Mtu akitaka kujenga nyumba, haanzi na paa. Kwanza huchagua mahali, hufyeka majani, hupima, huchimba msingi. Kisha husimamisha kuta, na mwisho huezeka. Mji mkubwa wa viwanda nao hujengwa hatua kwa hatua. Hatua moja ikichelewa, watu hupata taabu. Mji wa Lubumbashi, katika Katanga, unaonyesha jambo hilo.

Tangu zamani wenyeji wa Katanga walichimba shaba. Waliyeyusha mawe yake katika tanuru za udongo, wakafanya misalaba midogo. Misalaba hiyo ilitumika kama fedha katika biashara.

Mwaka 1906 iliundwa kampani ya Union Minière. Ilitaka kutoa shaba nyingi na kuiuza ng'ambo. Lakini shaba ni nzito, na bahari iko mbali. Kwa hiyo hatua ya kwanza ilikuwa njia. Reli ililetwa kutoka kusini, kupitia nchi ambayo leo ni Zambia, na mwaka 1910 gari la moshi lilifika. Tanuru kubwa lilijengwa kando ya mto Lubumbashi, kwa sababu kiwanda kinahitaji maji mengi. Makaa ya mawe yalikuja kwa reli kutoka Wankie, katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe. Mwaka 1911 shaba ya kwanza ilimiminwa.

Hatua ya pili ilikuwa kupima mji. Kazi hiyo iliongozwa na Mbelgiji Emile Wangermée, tangu mwaka 1910. Barabara zilinyoshwa kama kwa kamba, zikakatana sawasawa. Mji ukaitwa Elisabethville. Lakini mpango huo ulitenga watu. Wazungu walikaa upande mmoja, Waafrika upande mwingine, na katikati iliachwa nchi tupu.

Je, nyumba za wafanyakazi? Hizo zilichelewa. Tanuru lilikuwa likiwaka tayari, lakini wachimbaji walilala wengi pamoja katika kambi, mbali na wake na watoto wao. Magonjwa yaliingia, wengi wakafa. Wengine walitoroka, au walirudi kwao kazi ilipokwisha, na kampani ilipaswa kutafuta watu wapya kila mara.

Mwishoni mwa miaka ya 1920 kampani ilibadili desturi. Iliona kwamba mtu aliye pamoja na jamaa yake, mwenye nyumba imara na chakula cha kutosha, hukaa kazini na kuijua vema. Ikajenga nyumba za matofali, hospitali na shule. Vifo vikapungua. Hiyo ndiyo hatua ya tatu.

Baada ya vita vya mwaka 1939 mpaka 1945, watu waliongezeka sana. Mitaa mipya ilipimwa, kama Katuba, na kisha Ruashi. Mwaka 1956 chuo kikuu kilifunguliwa. Mwaka 1966 mji ulipewa jina la Lubumbashi, jina la mto wake.

Kulikuwa na jambo jingine gumu: moshi wa tanuru. Upepo wa huko mara nyingi huvuma kutoka kusini-mashariki. Ulichukua moshi mpaka upande wa kaskazini-magharibi. Huko miti mingi ilikufa, na madini yenye sumu yakabaki katika udongo hata baada ya miaka mingi. Kumbe anayepima mji hutazama nchi na mto, na upepo pia.

Tanuru linaweza kujengwa kwa mwaka mmoja. Mji ambamo watu wanaishi vema hudai miaka mingi, na kazi hiyo haijaisha.

Maswali
1. Kwa nini reli ilitangulia kiwanda?
2. Kwa nini tanuru lilijengwa karibu na mto?
3. Ni hatua gani iliyochelewa, na watu walipata hasara gani?
4. Kijiji chako kikiwa mji, utaanza kujenga nini?