Panda mboga zinazofaa hewa ya kwenu

Uchovu usiokwisha, kizunguzungu unapoinuka na moyo kwenda mbio baada ya kupanda ngazi chache ni dalili zinazoweza kuonyesha upungufu wa damu. Wanaoathirika zaidi ni wanawake wajawazito na watoto wadogo. Sababu moja kubwa ni kukosa madini ya chuma katika chakula, na sehemu ya kinga yake yaweza kuota nyuma ya nyumba yako.

Je, upande nini? Jibu hutegemea hali ya hewa ya mahali unapoishi. Chukua mfano wa Nyakoe, kwenye barabara ya kutoka mjini Kisii kuelekea Oyugis. Nyanda hizi ziko kiasi cha mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Mvua kwa mwaka hupita milimita 1,500, nayo hunyesha zaidi kati ya Machi na Mei. Usiku kuna baridi.

Nyanya zilizopandwa wazi msimu huo hushambuliwa na ukungu unaokausha majani na kuozesha matunda. Utalazimika kunyunyiza dawa mara kwa mara, na ukivuna kabla ya siku zilizoandikwa kwenye pakiti kwisha, utaila dawa hiyo. Kunde nazo hupenda joto. Zinamfaa zaidi jirani aliye kule chini karibu na ziwa.

Managu na chinsaga, yaani mgagani, zimezoea udongo na mvua ya Gusii tangu enzi za mababu. Zina madini ya chuma na vitamini A na C. Chinsaga haipendi maji yaliyotuama, kwa hiyo isie kwenye tuta lililoinuka. Huwa tayari kuchumwa baada ya wiki nne hadi sita. Asiye na shamba atumie gunia lililojazwa udongo na samadi, lakini asimwagilie kwa maji ya mtaro.

Jikoni, pika kwa muda mfupi. Ukimwaga maji uliyochemshia, unamwaga vitamini pia. Tia mafuta kidogo ili mwili upate vitamini A, na kamulia limau ili upate chuma zaidi. Chai hupunguza chuma kinachoingia mwilini, basi usiinywe pamoja na chakula. Ngoja angalau saa moja. Matunda mabichi ya managu yasiliwe, kwani yana sumu.

Anayetumia warfarin ya kuzuia damu isigande azungumze na daktari wake kabla ya kuongeza mboga za majani.

Kumbuka kwamba malaria, minyoo na hedhi nzito pia hupunguza damu. Ukiziona dalili nilizotaja, usingoje mboga zikue. Nenda ukapimwe damu kwanza.