Kapu Lenye Tundu: Somo juu ya Kumhukumu Mwenye Kosa



Katika somo lililopita tulieleza amri ya saba, ile ikatazayo wizi. Leo twaingia katika amri ya nane. Wakristu wengi hudhani kwamba amri hii yakataza uongo tu, na ya kuwa mtu asiyesema uongo amekwisha kuitimiza. Sivyo. Kanisa hufundisha kwamba ndani yake imo pia dhambi ya kumhukumu mwenzetu kwa haraka, yaani kusadiki moyoni, pasipo sababu ya kutosha, kwamba fulani ana hatia. Mtu aweza kuitenda dhambi hiyo akiwa amefunga kinywa chake.

Tuanze na jambo lililotokea katika mtaa mmoja wa Kolwezi. Hatutautaja jina, kwa maana lingeweza kutokea katika mtaa wo wote. Kijana mmoja, mchimbaji wa mikono, alifukiwa na udongo shimoni siku ya Jumapili, saa ya Misa. Jumuiya ya Kikristu ya mtaa ule ina desturi njema: mtu akifiwa, kila nyumba hutoa fedha kidogo kwa ajili ya sanduku na chakula cha kilio. Safari hii wengine walikataa. Walisema: "Amekufa akiiba mahali pa kampuni. Alikuwa mlevi. Misani hakuonekana tangu Pasaka. Tumchangie kwa nini?" Mama wa marehemu alikuwa ameketi juu ya mkeka, upande wa pili wa ukuta, akayasikia hayo yote, kwa kuwa dirisha halikuwa na kioo.

Swali: Je, maneno yale yalikuwa ya uongo?
Jibu: La. Kila neno lilikuwa na kweli ndani yake, na ndiyo sababu yalikuwa ya hatari.

Kijana alikunywa pombe, ni kweli. Alichimba mahali asiporuhusiwa. Ni kweli pia, kwa maana sheria ya migodi ya mwaka 2002 yawaruhusu wachimbaji wa mikono kufanya kazi katika maeneo waliyotengewa tu, na maeneo hayo ni machache. Lakini wenye kusema walichukua mambo matatu waliyoyajua, wakayatia katika mizani, na mengine yote wakayaacha chini ya meza.

Tuyaokote, basi. Baba yake kijana yule alikuwa fundi wa Gécamines. Wazee wetu wakumbuka miaka ya 1980, kampuni ile ilipotoa shaba zaidi ya tani 400,000 kwa mwaka, na mfanyakazi akapata nyumba, unga, matibabu, na shule ya watoto wake. Kisha, mwezi wa Septemba 1990, mgodi wa Kamoto ukaporomoka, na katikati ya miaka ile shaba ya mwaka mzima haikufika hata tani 50,000. Katika miaka ya 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliachishwa kazi kwa mpango ulioitwa "kuondoka kwa hiari", wengi wao wakiwa wametumika muda mrefu na wakidai mishahara ya miezi mingi. (Ni hiari gani ya mtu ambaye chungu chake ni kitupu? Lakini tusitoke nje ya somo.) Mtoto wa fundi alikuwa darasa la nne. Akaacha shule, akaenda mtoni kuosha mawe, na mabega yake yalipopata nguvu akashuka shimoni. Alipofika miaka 25 hakujua kazi nyingine yo yote. Pombe yake ilikuwa pombe ya mtu asiyejua kama kesho atapanda tena juu. Hatusemi kwamba hiyo ni sababu njema. Twasema kwamba ni sababu, na ya kuwa waliomhukumu hawakuiuliza.

Wengi wenu mwakumbuka pia tarehe 27 Juni 2019, watu 43 walipokufa katika eneo la kampuni ya KCC, udongo wa shimo ulipowaangukia. Waliitwa wachimbaji haramu. Mbele ya sheria jina hilo lilikuwa sawa. Lakini halikumwambia mtu ye yote ni nani kati yao aliyekuwa akimlipia mdogo wake shule.

Hapa mtu aweza kutuuliza: "Basi, mwataka tuseme kwamba wizi si wizi?" Hasha. Amri ya saba haikufutwa na ya nane. Mganga hamwambii mgonjwa wa malaria kwamba ni mzima. Lakini pia hamtukani kwa sababu ameumwa na mbu. Huruma ya Kikristu hulitaja kosa kwa jina lake, kisha huendelea kumtazama mtu. Twaweza kulipima tendo, na mara nyingine yatupasa. Hakimu, mzazi na mwalimu hawawezi kukwepa kazi hiyo. Moyo wa mtu hatuupimi, kwa kuwa hatukupewa mizani yake.

Lakini kujua habari za mwenzetu hakutoshi. Mtu aweza kuzijua zote na bado asihurumie, kama hajijui yeye mwenyewe. Mfalme Daudi alikuwa hakimu mwenye akili. Nabii Natani alipomsimulia habari za tajiri aliyemnyang'anya maskini mwana-kondoo wake wa pekee, Daudi aliwaka hasira, akamhukumu tajiri yule kufa. Hukumu yake ilifuata haki kabisa. Jambo moja tu hakulitambua: kwamba habari ile ilikuwa yake mwenyewe, aliyemtwaa mke wa Uria.

Na katika jangwa la Misri, katika karne ya 4, aliishi mmonaki mmoja Mwafrika, Abba Musa Mwethiopia. Zamani alikuwa mtumwa, kisha mkuu wa wanyang'anyi. Siku moja wamonaki walikutana ili kumhukumu ndugu aliyekosa, nao wakamwita Abba Musa. Alikuja akibeba mgongoni kapu bovu lililojaa mchanga, na mchanga ulikuwa ukimwagika nyuma yake njia nzima. (Wengine husimulia kwamba ulikuwa mtungi wa maji unaovuja.) Walipomwuliza maana yake, aliwajibu kwamba dhambi zake zinamwagika nyuma yake wala yeye hazioni, naye amekuja leo kuhukumu makosa ya mwingine. Wakamsamehe ndugu yule. Sisi wa nchi ya migodi twaielewa habari hii upesi: ye yote aliyebeba gunia lililotoboka ajua kwamba mwenye kulibeba ndiye wa mwisho kuona linavyovuja.

Na sisi wa Kolwezi tunalo kapu letu. Katika miaka ya 1992 na 1993 ndugu zetu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Likasi, kisha Kolwezi. Walilala vituoni wakingoja gari moshi, siku baada ya siku, na wengine walikufa palepale, watoto hasa. Tulikuwa tumepiga magoti pamoja nao kanisani katika benchi moja. Si sisi sote tuliowafukuza. Lakini wako waliofunga mlango na kunyamaza. Wako walionunua kabati, kitanda au cherehani ya jirani aliyekuwa akiondoka, kwa bei ya kutupa, wakasema moyoni: "Nisiponunua mimi, atanunua mwingine." Yasikilizeni vema maneno hayo. Ndiyo maneno yale yale ajiambiayo mchimbaji aingiapo usiku katika eneo la kampuni: "Nisipochimba mimi, atachimba mwingine."

Ndiyo maana Kanisa latuhimiza kuichunguza dhamiri kila jioni. Wengi wetu huichunguza vibaya: twahesabu makosa kama mtu ahesabuye magunia, kisha twalala. Afadhali kuchukua kosa moja lililotuchukiza leo kwa mwenzetu, na kulitafuta ndani yetu. Mnunuzi mwenye mizani ya uongo atuchukiza. Je, sisi sokoni hatujapata kufinya kopo la unga? Mlevi atuchukiza, sisi twakimbilia wapi tunapoogopa? Mara nyingi tutalikuta kosa lile lile, likiwa dogo zaidi kwa sababu nafasi yetu ilikuwa ndogo zaidi. Padri mwenyewe, kabla ya kuketi kuwaungamisha watu, naye hupiga magoti mbele ya padri mwenzake.

Mtu aliyejiona hivyo haachi kusahihisha. Mwenye mizani ya uongo bado yampasa kurudisha alichoiba. Baba ampelekaye mtoto wake shimoni yafaa aambiwe wazi, na mtoto atolewe leo, wala tusingoje mpaka tumwelewe baba. Ila atakayemwendea baba huyo akijua kapu lake mwenyewe atasema naye kwa sauti nyingine, na pengine atakuja na daftari na ada ya shule mkononi.

Katika mtaa ule tuliousimulia, katekista hakuhubiri. Usiku wa kilio aliwasimulia watu habari ya Abba Musa, akanyamaza. Mzee mmoja, ambaye ndiye aliyekataa kwa sauti kubwa kuliko wote, aliondoka bila kuaga. Alfajiri alirudi na mbao kwa ajili ya sanduku. Mmoja ulikuwa mlango wa kabati la zamani, na bawaba zake bado zilikuwa zimepigiliwa. Aliuweka uani, akamwambia mama wa marehemu, "Pole, mama," akatafuta nyundo ili azing'oe.