Kifua cha Mama ni Kitanda cha Mtoto Mdogo

Mtoto azaliwaye na uzito chini ya kilo 2 na nusu huhitaji ulinzi wa pekee. Pengine amezaliwa kabla ya miezi kutimia. Pengine miezi imetimia, lakini hakukua vema tumboni. Mama hurudi naye nyumbani, na majirani hufika kumtazama. Mmoja asema: «Ni mdogo mno, mlazeni, msimguse.» Mwingine aleta maji ya sukari. Basi mtoto alazwa peke yake, amefunikwa mablanketi. Watu hao wampenda, lakini bila kujua wamtia hatarini.

Kwa nini? Blanketi halina joto lake lenyewe. Kazi yake ni kulinda joto lililomo mwilini. Nao mtoto huyu ana ngozi nyembamba na mafuta machache chini yake, hata joto lamtoka upesi. Akipoa hukosa nguvu ya kunyonya. Asiponyonya huzidi kupoa. Hivyo apaswa kupata joto kutoka kwa mwili wa mtu mwingine.

Jambo hili lilionekana wazi mwaka 1978 katika mji wa Bogotá, nchini Kolombia. Hospitali moja ya wazazi ilikuwa na watoto wengi kuliko mashine za kuwapasha joto. Daktari Edgar Rey Sanabria akaamua kuwaweka watoto vifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi. Mwaka uliofuata Daktari Héctor Martínez aliungana naye. Njia hiyo ikaitwa ya kangaruu, kwa mfano wa mnyama wa Australia abebaye mtoto wake katika mfuko wa tumboni.

Je, yawezekana nyumbani? Naam. Katika jimbo la Haryana, nchini Uhindi, akina mama walifundishwa njia hii majumbani mwao. Utafiti huo, uliotangazwa mwaka 2019, ulihusu watoto 8,402 wenye kilo 1 na nusu hadi kilo 2 na robo. Katika mwezi wa kwanza, vifo vilipungua karibu 3 katika kila 10 miongoni mwa watoto ambao mama zao walifundishwa, kuliko miongoni mwa wengine.

Hivi ndivyo ifanywavyo. Mtoto avikwe nepi, kofia na soksi tu. Asimamishwe wima katikati ya matiti, kichwa kimegeuzwa upande, pua na mdomo vikiwa wazi, miguu imekunjwa kama ya chura. Mama amfunge kwa kikwembe, kisha avae nguo yake juu. Akae hivyo mchana na usiku, saa nyingi iwezekanavyo. Zisipungue 8 kwa siku. Mama alalapo, aegemee mito, asilale chali kabisa.

Chakula chake ni maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6, wala si maji ya sukari, wala si uji. Yale maziwa ya kwanza ya manjano yasimwagwe kamwe: ndiyo kinga yake ya kwanza. Anyonye kila baada ya saa 2 au 3, hata usiku. Akilala mno, aamshwe. Akishindwa kunyonya, mama ayakamue katika kikombe safi, amnyweshe kidogo kidogo. Haba na haba hujaza kibaba.

Lakini mama awezaje kumbeba mtoto mchana kutwa, huku akiteka maji, akilima na kutwanga? Hawezi. Hapa, enyi akina baba, ndipo upendo wenu utakapopimwa. Kuni na maji vitafutwe na wengine. Tena baba mwenyewe avue shati, ampokee mtoto kifuani mama aendapo kuoga. Bibi naye aweza. Hiyo si aibu.

Mtoto akikataa kunyonya, akipumua mbio, akiwa baridi au moto sana, akishikwa na degedege, msingoje: pelekeni hospitali mara moja, naye akiwa kifuani njia nzima.

Siku yaja ambapo mtoto aliyenenepa ataanza kujinyosha na kupiga mateke, akitaka kutoka katika kikwembe. Hapo mama amfungue kwa furaha: kazi ya kifua imetimia.