Je, Wajua? Mji Uliponyamaza, Mwitu Ulipata Nini?

Je, wajua kwamba Machi 2020 Uganda ilisimamisha utalii wa gorila na usafiri wa abiria ndani ya siku zilezile? Kisa cha kwanza cha korona kilitangazwa tarehe 21. Siku chache baadaye teksi za abiria zikaegeshwa, magari ya binafsi yakafuata, na kafyu ikawa inaanza saa moja jioni. Pale Kasubi jijini Kampala, kando ya barabara ya Hoima, boda boda ziliruhusiwa kubeba mizigo tu.

Je, wajua kwamba hewa ya Kampala ilikuwa ikipimwa wakati huo? Wataalamu wa mradi wa AirQo wa Chuo Kikuu cha Makerere, kilicho kwenye kilima jirani na Kasubi, wana vipimo vyao mjini, vingine vimefungwa kwenye boda boda. Chembe laini zinazoingia mapafuni zilipungua.

Je, wajua kwamba huko San Francisco ndege wadogo wanaofanana na shomoro waliimba kwa sauti ya chini zaidi? Hawakuwa tena na haja ya kushindana na magari.

Na je, wajua kwamba wanasayansi walifuatilia mamalia wapatao 2,300 wa spishi 43 duniani kote? Penye masharti makali zaidi, safari zao ndefu zilirefuka kwa asilimia 73, na kwenye maeneo yenye shughuli nyingi za binadamu wakasogelea barabara kwa asilimia 36.

Hizo ndizo habari zilizosambaa, na ni za kweli. Lakini si kila kiumbe hufaidi mji ukinyamaza. Mtazame kaloli, yule korongo mwenye kipara na mfuko shingoni, akisubiri karibu na jaa la soko utumbo wa samaki utupwe. Miguu yake huonekana myeupe kwa sababu huinyea mwenyewe ili ipoe. Ndege huyu amejenga maisha yake juu ya masalia yetu.

Je, wajua kwamba ujangili uliongezeka maradufu? Kati ya Februari na Mei 2020, Mamlaka ya Wanyamapori Uganda ilirekodi matukio 367. Miezi hiyohiyo ya mwaka uliotangulia yalikuwa 163. Askari wa wanyamapori hawakuacha doria, ila wageni walikuwa wametoweka, na pamoja nao fedha za wapagazi, wapishi, wachonga vinyago na wauza ndizi wa vijijini. Kitanzi cha waya ni rahisi kutengeneza, na hakichagui shingo.

Rafiki, dume mwenye mgongo wa fedha aliyeongoza kundi la Nkuringo katika msitu wa Bwindi, Uganda, alitoweka tarehe 1 Juni 2020. Kesho yake alikutwa amekufa kwa jeraha la mkuki tumboni. Aliyekamatwa alisema alikuwa akiwinda wanyama wadogo na kwamba gorila ndiye aliyemvamia. Alifungwa miaka 11. Kundi lilikuwa na gorila 17, na dume kama huyo akiondoka ghafla kundi huweza kusambaratika. Kumbuka kwamba gorila wa milimani wote duniani ni elfu moja na kidogo.

Je, wajua kwamba Kenya haikupoteza hata kifaru mmoja kwa majangili mwaka 2020? Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka 21. Ukimya peke yake haukufanya kazi hiyo: doria ziliendelea.

Ulinzi wenyewe haukuanza na doria. Je, wajua kwamba paa la Muzibu Azaala Mpanga, nyumba ya makaburi ya makabaka wanne, wafalme wa Buganda, pale Kasubi, huezekwa na watu wa ukoo wa Ngeye, wenye mwiko wa kumla mbega? Pete 52 ndani ya paa huwakilisha koo 52 za Buganda, nyingi zikiwa na mnyama, ndege au samaki wao wasiyemgusa. Mimi huiona hiyo kuwa hifadhi ya zamani kuliko hifadhi yoyote yenye lango na tikiti, na mlinzi wake alikuwa jirani wa mnyama mwenyewe.

Jirani huyo ndiye aliyekumbukwa na Dkt. Gladys Kalema-Zikusoka, daktari wa wanyama wa Uganda. Gorila huweza kuambukizwa magonjwa yetu ya kifua. Januari 2021 korona iligunduliwa kwa gorila wa hifadhi ya wanyama ya San Diego, Marekani. Bwindi ilikuwa imejihadhari mapema: ilipopokea wageni tena Septemba 2020, barakoa ikawa lazima na umbali ukaongezwa kutoka mita 7 hadi 10. Shirika la Dkt. Kalema-Zikusoka halikuishia hapo. Lilizigawia familia zinazopakana na msitu mbegu za mazao yanayokomaa haraka, ili chakula kitoke shambani na si mtegoni.